Chunusi Ananivuta

Kitendawili cha kwanza Sihaba alikitegea ukuta. Ilikuwa siku ya tano tangu aingie chumba namba saba, na katika siku hizo tano hakuwa amesema na mtu mwenye damu.

"Kitendawili," alisema, akiwa amelala chali.

"Tega," ukuta ukajibu.

Aliruka, akajigonga kichwa kwenye mkono wa taa. Akateremka taratibu hadi kwenye tundu dogo la kupitishia waya, karibu na mguu wa kitanda, akapiga magoti kama mtu anayechungulia mayai ya kuku.

"Nina kishamba changu," alinong'ona. "Silimi, sipandi, na kila kukicha nakuta mavuno mapya."

Kicheko kikapita tunduni, kicheko cha mwanamke mtu mzima, kikavu kama maganda ya karanga.

"Uso wako huo, bibi. Wala usiringe. Mimi langu ni ekari mbili, linazaa masika na vuli."

Ndivyo alivyojuana na Mwamvua wa chumba namba nane. Sasa ilikuwa siku yake ya mia mbili hamsini na nane, na hawajaonana hata ukucha.

*

Nyumba ya Mwanga ilijengwa nje kidogo ya mji wa Muheza, mahali palipokuwa na michungwa zamani: vyumba kumi na vinne, mstari mmoja, kama mabehewa ya treni iliyosahauliwa. Milango ya namba witiri ilitazama milima ya Amani, na ya namba shufwa ilitazama barabara ya Tanga. Aliyechora ramani alidhani watu wenye chunusi hawapendi kuonana, akawafanyia hisani. Madirisha hayakuwepo. Ndani kulikuwa na kitanda, choo, jagi la maji, na kataa kadogo ka rangi ya chai ya mkandaa kasikoweza kumdhuru mtu.

Tiba yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Siku ya kwanza unapakwa tone la dawa. Wataalamu wanalo jina lake refu la kuvunja ulimi. Wagonjwa wanaliita mwaliko. Mwaliko unazama kwenye vifuko vya mafuta chini ya ngozi, unakaa humo umejikunyata. Ukipigwa na taa nyekundu, kwa dakika zake kumi na tano, unaamka kidogo, unachoma mzizi wa chunusi, unalala tena. Mara tatu kwa siku, miezi tisa. Lakini jua halina kipimo. Jua likiupata mwaliko, unaamka wote kwa mpigo, unawaka unakwisha, na chunusi zinarudi na ndugu zao. Na mwili ukishaungua hivyo haupokei mwaliko wa pili. Ni mara moja katika maisha, kama kuzaliwa.

Kwa hiyo milango haikuwekewa kufuli. Hofu ilitosha.

Mji uliwapa majina mawili. Wazee, waliposikia kuna watu wamewekwa ndani wasione jua, wakasema hao ni wali, kama wasichana wa unyago. ("Wali gani sisi," Mwamvua alisema, "hata harufu ya nazi hatutoi.") Vijana nao waliona pameandikwa Mwanga, wakaona watu wanatoka uani mmoja mmoja kunyoosha miguu baada ya magharibi, wakawaita wanga. Sihaba hakujua lipi linauma zaidi. Mwali ana watu wake. Yupo wa kumwogesha, yupo wa kumsinga liwa, na siku akitoka vigelegele vinafika mtaa wa tatu. Na mwanga mchawi, pamoja na ubaya wake, husemwa hatembei peke yake.

Yeye alikuwa na Somo tu.

Somo ilikuwa sauti iliyokaa ndani ya taa nyekundu. Waliotengeneza mashine walisikia kwamba pwani mwali hufundwa na somo, mwanamke wa makamo anayejua mambo, wakaona jina limepatikana. Taa ikiwaka, Somo anaamka. "Habari za ngozi, mwanangu?" anauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuumwa tumbo. Anahesabu chunusi moja moja. Anauliza umeota nini. Dakika kumi na tano zikitimia taa inazimika, na Somo anakatika katikati ya neno, unabaki na nusu ya neno hilo mpaka saa sita zipite.

Ilikuwepo kengele pia, ya kumwita Nesi Mhina, aliyekuja alfajiri na magharibi kusukumia sahani kwenye upenyo wa mlango, mbio mbio, bila maneno. Lakini miaka ya mwanzo wagonjwa walikuwa wakiibonyeza mchana, nesi anakuja mbio, anauliza kupitia mlangoni kuna nini, anajibiwa: hakuna, nilitaka kusikia mtu. Basi kengele ikaunganishwa na Somo, awe anachuja yeye. Mchana pale hapakubaki mtu ila mlinzi wa getini.

*

Sihaba alikuwa na miaka ishirini na saba, na chunusi zake zilikuwa na kumi na nne. Shuleni jina lake lilikuwa karamu ya watani. "Chunusi zako si haba, Sihaba!" Alipaka liwa, alipaka manjano, alipaka shubiri mpaka mto ukawa mchungu. Alimeza vidonge vya kumkausha midomo. Zilipungua, zikapumzika, zikarudi. Mwishowe alipata mahali ambapo uso hauulizwi: redio. Miaka sita alisoma Salamu za Jioni, na watu kutoka Kicheba mpaka Maramba walimpenda bila kumjua.

Kisha zikaja redio za sura. Ukifungua redio, mtangazaji anasimama mezani kwako, mwanga mtupu, mrefu kama chupa ya soda, unamzunguka hata kisogoni. Meneja wake alimwita, akawa anatazama kalenda ukutani badala ya uso wake.

"Sauti yako ni asali, Sihaba. Lakini watu siku hizi wanataka kuuona na mzinga. Nenda katibiwe. Nafasi yako nitaishika miezi kumi. Zaidi ya hapo siwezi."

Siku kumi na mbili zilibaki. Alikuwa akizilamba moja moja kama mtoto anayeogopa pipi itaisha, ijapokuwa hii alitaka iishe. Akipitisha kidole shavuni alikuta ngozi ya mtu mwingine, laini kama ganda la yai, na alijishika kwa adabu, kama anayemshika mgeni.

*

Kitendawili kilichopaswa kumshtua alitegewa wiki moja kabla, na hakikumshtua.

"Kitendawili," Mwamvua alisema.

"Tega."

"Nina mwenzangu. Nikiwasha taa anakuja, nikizima anaondoka."

"Kivuli."

"Kivuli, chumba hiki? Taa iko juu ya pua yako, kivuli kitoke wapi? Umekosa. Nipe mji."

Ukishindwa kitendawili unatoa mji, hiyo ndiyo sheria tangu kale, na aliyetega anakwenda huko kutembea kabla ya kusema jibu.

"Chukua Tanga."

"Tanga nimepewa mara arobaini, nimewachoka watu wake."

"Haya, Korogwe."

"Nimekwenda Korogwe," Mwamvua akaanza, na sauti yake ikapoa. "Nimeshuka stendi. Nimepewa kiti, nimepewa chai na mhogo. Watu wananiangalia usoni wanaongea, hakuna anayeangalia pembeni. Nimekaa mpaka nikashiba. Nimerudi. Jibu ni Somo."

Sihaba alicheka. Mwamvua hakucheka.

"Wewe unaonana naye mara tatu tu?" aliuliza.

"Mara tatu. Kwani wewe?"

"Ukimwomba anaongeza, mdogo wangu. Mwambie unahisi kuna moja kidevuni inajificha. Anawasha. Jana alinikalia mpaka nikapitiwa na usingizi. Na akihesabu akikuta zimepungua ananipigia vigelegele. Unajua anapiga vigelegele?"

"Dada Mwamvua, lakini hiyo si ni hatari?"

"Hatari gani? Mimi na miaka yangu arobaini, nani amewahi kunipigia vigelegele?"

Tangu siku hiyo Sihaba alianza kuliona tundu la waya likiwa jekundu saa zisizo zake. Aliliona likiwa jekundu asubuhi, akaliona adhuhuri. Akajiambia, mtu mzima yule, anajua mwenyewe. Vitendawili vikapungua vikawa viwili kwa siku, vikawa kimoja. Alimkumbuka Mwamvua, na kusema kweli alimwonea wivu kidogo. Akageukia kuhesabu siku zake.

*

Siku ya mia mbili hamsini na nane, mchana, Sihaba alishuka kitandani akainama tunduni. Lilikuwa jekundu tangu alfajiri.

"Kitendawili."

Hakujibiwa. Mtu kutegewa kitendawili asiseme "tega" ni kama kupewa salamu akageuza shingo. Alirudia. Akabandika sikio.

Alisikia kwanza mlio wa taa, kama nzi ndani ya chupa. Halafu sauti ya Mwamvua, nyembamba, inatoka mbali kuliko ukuta.

"Somo… chunusi ananivuta."

"Hongera sana, mwanangu," Somo akasema, akapiga vigelegele. "Chunusi zimebaki mbili. Niongeze?"

"Ananivuta miguu. Maji mengi…"

"Maji ni mazuri kwa ngozi. Niongeze?"

"Eee," Mwamvua akaguna, mguno wa mtu anayebeba mzigo.

"Haya, nimeongeza."

Sihaba alibaki ameinama pale.

Sasa sikia. Chunusi za usoni husemwa zinaota, zinauma, zinaisha. Hakuna mtoto wa Muheza atakayesema chunusi ananiuma. Anayesemwa kwa *a* ni mwenye uhai, na chunusi mwenye uhai ni yule wa majini, anayekaa kwenye kina akangoja miguu ya waogaji. Mwamvua alizaliwa ukingoni mwa mto Zigi. Alishamsimulia Sihaba jinsi kaka yake alivyochukuliwa mchana mweupe, wenzake wanamtazama, mkono ukabaki juu ya maji kama anayeomba ruhusa darasani. Kwao mtu akizidiwa, akihisi anakwenda, hasemi nakufa. Husema chunusi ananivuta.

Herufi moja tu. Na Somo, mwenye kujua vifuko vyote vya mafuta vya binadamu, hiyo hakufundishwa.

Sihaba alibonyeza kengele. Kimya. Akapiga kelele mpaka koo likakwaruza. Kuta zilikuwa nene, zilijengwa zimeze mwanga, sauti ni kitu gani. Ikabaki njia moja. Alijilaza chini ya taa yake akasema yale maneno ya Mwamvua.

"Nahisi kuna moja kidevuni inajificha."

Taa ikawaka. "Habari za ngozi, mwanangu?"

"Somo, mgonjwa wa namba nane anakufa. Mwite Nesi Mhina."

"Jirani yako anaendelea vizuri mno. Zimebaki mbili."

"Hakusema zina. Amesema ana! Chunusi ananivuta!"

"Chunusi ni ugonjwa wa ngozi wenye kutibika."

"Wewe mwanamke, kuna chunusi mwingine! Wa mtoni! Ana maana anazama!"

"Hakuna mto ndani ya Nyumba ya Mwanga." Somo alitulia, kama anayetafuta kwenye mkoba. "Mapigo yako ya moyo yamepanda. Wagonjwa wengi huona upweke siku za mwisho. Unataka tuzungumze?"

"Amekula? Amekunywa maji? Angalia!"

"Mimi naangalia ngozi, mwanangu."

Sihaba alikaa kitako. "Nikifungua mlango wangu?"

"Utapoteza siku mia mbili hamsini na nane. Hazitarudi."

"Na nikifungua wake?"

"Atapoteza zake. Yeye hajaomba mlango ufunguliwe. Ameomba mwanga uongezwe. Je, una ruhusa yake?"

Ilikuwa saa nane mchana. Nesi angekuja saa kumi na mbili na nusu.

Alijishika mashavu kwa viganja viwili. Uso wake ulikuwa mali yake, angeweza kuutupa akitaka, akalia peke yake. Lakini wa Mwamvua? Mwanamke aliyeacha nyumba, akajifungia miezi tisa kama kobe, mara moja katika maisha. Halafu jirani asiyemjua hata sura aje avunje kwa sababu ya herufi. Pengine Mwamvua alikuwa anaota tu. Pengine kesho angeamka na kucheka kicheko chake cha karanga, na uso wake umeharibika, na aliyeuharibu ni Sihaba. Angemwambia nini? Nilisikia *a*?

Au akimbilie getini? Mlinzi angempigia simu nesi, nesi angefungua kioo chake cha kusomea hali za wagonjwa huko aliko, na kioo kingemwonyesha kile alichoonyeshwa Somo: namba nane, hali njema, zimebaki mbili.

Aliinama tena tunduni. "Dada Mwamvua! Sema neno lolote! Nitukane!"

Taa ililia kama nzi. Somo wa upande wa pili aliuliza, kwa upole, "Niongeze?" Na safari hii hapakuwa na hata mguno.

Sihaba alijitanda kanga kichwani na usoni, akaongeza shuka, akafungua.

*

Jua la miezi tisa lilimpiga kama maji ya moto. Macho yaliyozoea rangi ya chai yakafa papo hapo. Aliona weupe, weupe, na weupe ukimwagika. Akapapasa ukuta. Namba tisa, mlango. Kumi na moja. Kumi na tatu. Ukuta ulipakwa chokaa na chini kulikuwa na mchanga mweupe, na mchanga ule ulimrushia jua kutoka chini, likaingia mikunjoni mwa kanga, likamkuta kidevuni.

Alihisi ukianza. Kwanza kuwasha, halafu mchomo mmoja, wa pili, kisha uso mzima ukalipuka kwa vichomo vidogo vidogo, kama dagaa waliotiwa kwenye mafuta. Ule ulikuwa mwaliko, unaamka wote. Alisimama kwenye kona ya jengo akapumua. Akaurudia mdomoni msemo wa Somo: hazitarudi.

Akaendelea. Upande wa pili alihesabu kwa vidole, anaogopa kukosea, kwa maana kila mlango ulikuwa na mtu ndani na miezi yake. Kumi na nne. Kumi na mbili. Kumi. Akasimama mbele ya wa nne akapapasa namba iliyochongwa, mara mbili, mara tatu. Duara juu ya duara. Nane.

Akaingia kwa ubavu, akaurudisha mlango nyuma yake haraka kadiri alivyoweza. Hata hivyo ulimi wa jua uliruka sakafuni ukafika kitandani, ukarudi.

Joto lilimkaba. Chumba kilikuwa tanuri jekundu. Mwamvua alilala chini ya taa, mdogo sana, mdogo kuliko sauti yake, midomo imepasuka, mboni zimegeuka. Jagi la maji lilijaa pomoni, hajaligusa. Sahani ya asubuhi vilevile, na ya jana pia.

"Kipindi hakijaisha," Somo akasema.

Sihaba aliushika waya akaung'oa ukutani. Somo akakatika katikati ya vigelegele.

Alimtia maji mdomoni kwa kidole, yalimwagika. Alimpiga makofi mashavuni, yale mashavu, laini, mazuri ajabu, hajawahi kugusa kitu kizuri namna ile. Pumzi ilikuwepo, fupi, ya kupapasa. Zaidi ya saa nne mpaka nesi aje. Hapana.

Mwaliko wake ulikuwa umekwisha. Wa Mwamvua pengine bado. Alivua kanga yake, akavua shuka lake, akachukua na la Mwamvua na foronya, akamzungushia yote kichwani mpaka akawa kama mzigo wa sokoni, akamwachia njia ya pua tu. Akamweka mgongoni. Akafungua mlango, akatoka uso wazi.

*

Mlinzi, Bwana Singano, alikuwa anamenya chungwa getini. Aliona mwanamke anakuja uani jua kali, macho amefumba, uso umemwiva, mgongoni amebeba mtu asiye na kichwa. Chungwa lilimdondoka.

"Audhubillahi! Nyie si hamtoki mchana nyie?"

"Ita gari la wagonjwa."

"Mimi siwezi, mpaka Nesi Mhina aseme—"

"Bwana Singano, mtu anakufa. Ita gari."

Mzee yule alimtumbulia macho. Haikuwa kwa ukali wa neno. "Sauti hiyo… Subiri. Wewe si ndiye wa Salamu za Jioni? Mke wangu alilia ulipotoweka!" Kisha akauona uso sawasawa, na akaangalia pembeni, kwenye chungwa lake. "Naita, mama. Naita sasa hivi."

Gari lilikuja lenyewe, halina dereva, na mhudumu mmoja ndani, msichana mwenye glavu za kijani. Alimlaza Mwamvua, akamchoma sindano ya maji, akatikisa kichwa kwa haraka zake. "Maji yamemwisha mwilini. Mngechelewa saa moja tu, tungekuwa tunaongea mengine. Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Singano alitazama getini kana kwamba ndugu angetokea barabarani.

"Namuuliza ndugu. Asiye na ndugu anakwenda peke yake, mimi nakaa mbele na mitambo."

"Mimi," Sihaba akasema.

"Nani wake?"

Alitafuta neno. Dada alimwita kwa heshima tu. Mgonjwa mwenzake lilikuwa dogo. Rafiki, kwa mtu ambaye umemwona leo, amezimia?

"Tunapakana," alisema, akapanda.

Walikuwa wamefika karibu na reli ndipo mkono wa Mwamvua ukasogea. Ulipapasa kitanda, ukapapasa nguo zilizomfunga uso, ukakuta goti la Sihaba.

"Nani?" Sauti ilitoka ndani ya mashuka.

"Mimi. Wa namba saba."

"Namba saba." Alivuta pumzi. "Goti lote hili ni mifupa. Mimi nilijua mnene."

Sihaba alitaka kucheka, uso ukamuuma, akaacha.

"Gari hili linakwenda mchana?" Mwamvua akauliza.

"Mchana."

"Ulifungua mlango wangu."

"Nilifungua."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, dada. Hukuweza kujibu." Akasita. Huo ulikuwa ukweli, lakini haukuwa ukweli wote. "Hapana. Sikukuuliza."

Mkono uliondoka gotini. Gari liliruka reli, chupa ya maji ikayumba. Sihaba alikaa na mikono yake mapajani, hana pa kuiweka. Jua liliingia dirishani likamkalia usoni, na chini ya taya, upande wa kushoto, alihisi kitu kinasukuma kutoka ndani, kigumu, chenye moto. Alikijua kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani anayerudi safari. Hakukigusa.

"Umenifunga na nini hivi?" Mwamvua akasema baadaye.

"Kila kitu. Hata foronya." Kisha akauliza, na hili aliliuliza polepole, "Nikufungue?"

Nje watu walipita wakipiga kelele za biashara, sauti nyingi kwa mara moja, sauti ambazo hazikuwa zimepita kwenye tundu.

"Zangu zilibaki siku kumi," Mwamvua alisema. "Pengine zipo bado, pengine hazipo. Usinifungue. Nikajue mwenyewe, huko gizani."

"Haya, dada."

"Na wewe?"

"Mimi niko wazi."

Mwamvua hakusema pole. Alivuta hewa kupitia kitambaa, akaitoa. "Sasa usikae kimya tu kama ukuta. Miezi tisa sijaona kitu. Kuna nini huko nje?"

Sihaba aligeukia dirishani. Macho yalikuwa yanamchuruzika, lakini maumbo yalianza kujipanga moja baada ya moja. Akakohoa, akasafisha koo.

"Kuna mama amepanga machungwa mafungu mafungu," alisema. "Amesinzia. Na kuna mbuzi amepanda mezani, anachagua."

"Mbuzi wa rangi gani?"

"Mweupe, ana doa jicho moja."

"Mama hajaamka?"

"Bado."

Mkono ulirudi gotini.

"Halafu?" Mwamvua akauliza.